Neno la Kwanza la Kheri

Dada Mwanajuma ni meneja wa ukumbi wa chakula, na kama mameneja wote, mshahara wake unapangwa na beji inayosikiliza kifuani mwake. Mtu akisema "nimeshiba" karibu naye, beji huwaka kijani na mshahara hupanda. Akisema "njaa," huwaka nyekundu, nao hushuka. Haruhusiwi kuivua, hata nyumbani.

Kwa hiyo kwetu neno lile halitamkwi. Dada hunitania, "Wewe Saumu, jina lako tu litanishushia mshahara!"

Mwanawe Kheri ameanza kusema. Neno lake la kwanza halikuwa mama. Lilikuwa "meshiba," na beji ikawaka kijani. Dada alimbusu, akaondoa bakuli la uji.

"Huyu ndiye atakayetujengea nyumba!"

Sasa huenda naye kazini kutwa nzima. Kheri hulisema akinusa mchuzi, hulisema akilia, na kila mara bakuli huondolewa. Mimi ninayemvalisha naona nguo zinavyompwaya. Amelisikia kila penye chakula, naye anadhani ndivyo chakula kinavyoombwa.

Leo nilijikaza. "Dada, mtoto hajashiba. Mtoto ana..."

Aliifunika beji kwa kiganja. "Malizia, Saumu. Halafu kodi ya nyumba ulipe wewe."

Kheri alininyooshea mikono yote miwili, machozi yakimtiririka.

"Meshiba, mamdogo. Meshiba."

Kati ya vidole vya dada ukapenya mwanga wa kijani.