Karatasi Nzima, Bila Kiputo

“Mbona vipande vitatu?”

Fundi wa tinti, zile karatasi za kutia giza vioo vya magari, aligeuka ghafla nusura agonge kichwa kwenye mlango wa gari. Nyuma yake alisimama mzee mrefu, shati limepigwa pasi likapigika, mikono ameifunga mgongoni, macho yake yote kwenye kioo cha nyuma cha gari lile jeupe. Fundi hakuwa amemsikia akiingia uani.

Akaushusha wembe. Ndiye huyu.

Saa tatu asubuhi hiyo mkewe, ambaye ndiye mpokea wateja, alikuwa amemkabidhi ufunguo wa gari hilo huku akijiandaa kwenda kumwona mama yake.

“Baba watoto, nisikilize vizuri. Hili ni la mwenye magari ya kukodi. Anataka kioo cha nyuma tu, na atakuja mwenyewe kukikagua. Akiridhika analeta mengine tisa. Asiporidhika, fundi mwingine yuko hapo ng’ambo ya barabara.”

Hakuwa na haja ya kuongeza neno. Mwezi uliopita tinti ya mumewe ilibanduka katikati ya msafara wa harusi, ikawa inapepea nje ya dirisha lililo wazi la gari la bibi harusi mpaka ukumbini. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Fundi Shela. Hata mama mkwe alilitumia jina hilo, tena kwa furaha.

“Shikamoo, mzee,” alisema Fundi Shela, akijifuta jasho.

“Marahaba. Nauliza tu. Mbona vipande vitatu?”

“Kioo cha nyuma kimepinda, mzee. Karatasi nzima inagoma kulala. Mafundi wote tunaunga, na maungio yanajificha kwenye hizi nyaya za kuondoa ukungu. Hayaonekani.”

“Mimi nayaona.”

“Ni kwa sababu umesogea karibu sana.”

Mzee akarudi kinyumenyume, taratibu, mpaka mgongo wake ukagusa geti. Akakodoa macho.

“Bado nayaona.”

Fundi akameza mate. Kisha, bila ubishi, akachukua wembe na kubandua kazi ya asubuhi nzima.

Safari hii alikata karatasi moja nzima. Akaitandaza juu ya kioo kwa nje, akaipuliza kwa mashine ya hewa ya moto, kidogo kidogo, hadi ikakubali kupinda pamoja na kioo. Kazi hiyo hakuwa ameifanya tangu siku za kujifunza kwa baba yake. Mzee alivuta kigoda, akakaa kivulini.

“Samahani kwa kukuchelewesha, mzee.”

“Wala usinijali mimi. Muda ninao.”

Fundi akaingia kiti cha nyuma, akapiga magoti, shingo ameipinda utafikiri kuku anayechungulia mtungini. Akanyunyiza maji ya sabuni, akabandika, akasukuma maji kwa kikwangulio cha mpira. Saa saba ilipogonga, akatoka nje kwa matao.

Mzee aliinuka, akainama, akanyoosha kidole.

“Kile nini?”

“Kiputo cha hewa, mzee. Kidogo tu. Jua likikipiga wiki moja kinakwisha.”

“Na ile punje ya mchanga iliyo ndani yake, nayo itakwisha?”

Fundi alichungulia. Punje ilikuwepo. Ilikuwa ndogo kuliko yai la chawa, lakini ilikuwepo.

Damu ilimchemka. Neno chafu lilimfika ncha ya ulimi, akalirudisha. Aliyaona magari tisa yakivuka barabara kwenda kwa jirani, moja baada ya jingine. Akamsikia mama mkwe akicheka.

“Naibandua,” alisema.

Sasa alikuja kivingine. Alimwaga maji uani kote ili vumbi litulie. Akafunga geti. Akavua shati, maana lilikuwa linadondosha nyuzi. Akaosha kioo mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu, akapitisha wembe kila kona, akapitisha na kucha. Alipoanza kubandika, alikuwa anapumulia puani, polepole. Akasukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni. Akasukuma tena. Hakuwa akifikiria magari tisa, wala harusi, wala mzee. Alikuwa akiitazama karatasi ikilala.

Saa nane na nusu alitoka garini, magoti yakiwa hayana hisia.

Mzee alikitazama kioo kutoka kushoto. Akakitazama kutoka kulia. Akaenda mpaka getini, akarudi. Akatoa leso, akakipumulia kioo, akakifuta, akajiona mwenyewe humo ndani, mzima mzima, hadi vifungo vya shati.

“Hapo sasa,” alisema. “Hii ndiyo kazi.”

Machozi yalimlenga Fundi Shela. Hata marehemu baba yake, aliyemshika mkono na kumfundisha wembe unavyoshikwa, hakuwahi kumwambia hivyo. Akakimbilia ndani, akatoka na ufunguo, akaufuta kwenye suruali, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili.

“Gari lako hili, mzee. Na yale mengine tisa, yalete siku yoyote.”

Mzee aliutazama ule ufunguo kana kwamba ametiliwa chura kiganjani.

“Gari langu? Mwanangu, mimi hata baiskeli sijui kuendesha. Namsubiri mke wangu, anasukwa nywele hapo mlango wa pili. Alisema dakika ishirini.”