Vibao Ishirini na Vinne

Kibao cha kwanza kilitoka kirahisi, kama jino la mtoto lililolegea. Dada mkubwa alikifuta udongo kwa pindo la aproni, akakibana kwa midomo, akageukia chungu cha pili.

Ilikuwa Jumanne, saa ya chakula cha mchana, na wenzake wote wako kantini. Ndani ya nyumba ya vioo mlikuwa na mawaridi ishirini na manne, kumi na mawili yake na kumi na mawili ya mdogo wake, yamechanganywa makusudi na yanafanana kama maji na maji. Cha kuyatofautisha kilikuwa kibao kidogo cha plastiki kilichochomekwa kwenye kila chungu: PARETO au SAUMU.

Ya pareto yalikuwa yake. Alitwaa jeni ya pareto, ua linalofukuza wadudu, akaitia kwenye waridi. Mdogo wake akatwaa ya kitunguu saumu, watu wakamcheka. "Sasa bibi harusi atashika ua au kiungo cha mchuzi?"

Waridi lenyewe halikunuka saumu hata chembe, na dada mkubwa hakucheka. Wiki iliyopita alichungulia kisahani chenye jani la mdogo wake. Vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaofyonza utomvu, walikuwa wamekufa wote. Juu ya jani lake yeye walikuwa wakitembea, tena wameshazaa.

Kesho vidukari wangeachiwa humu ndani, na mlango ungefungwa siku kumi, ufunguo mfukoni mwa Mkurugenzi. Ambaye mawaridi yake yatasalimika ndiye atakayeshinda na kuwa msimamizi wa nyumba hii. Dada mkubwa alikuwa amekingoja cheo hicho miaka kumi na minane. Mdogo wake alikuwa na mitatu tu kazini, na aliyemfundisha kushika kisu cha kupandikizia ni nani kama si yeye? Leo huyo wanamwita Daktari. Yeye, kwa kule kumwagilia kwake, wanamwita Mama Maji.

Asubuhi ile mdogo mtu alimletea chai mpaka mezani. Kucha zake zilikuwa na udongo mweusi, yeye asiyegusa chungu bila glavu.

"Safari hii utashinda wewe, dada."

"Endelea kunikejeli."

"Sikukejeli. Wewe subiri, utaona."

Lile "utaona" lilimchoma kama mwiba wa samaki. Chai ikapoa bila kuguswa.

Sasa mikono yake ilikwenda mbio. Kibao cha SAUMU kilihamia kwenye chungu cha PARETO, cha PARETO kikahamia cha SAUMU, na hakuna hata kimoja kilichomsumbua, maana udongo ulikuwa laini kila alipogusa. Alipomaliza cha ishirini na nne alinawa mara mbili, akaenda kantini, akala kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu wiki iliyopita.

Siku ya kumi Mkurugenzi alifungua mlango, wafanyakazi nyuma yake. Nusu ya mawaridi yalikuwa yamejikunja majani, vidukari wamejaa mpaka kwenye vikonyo. Nusu yalikuwa safi, yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Dada mkubwa aliweka kanga yake sawa begani.

Mkurugenzi aliliinamia waridi safi la kwanza, akasoma. Akasoma la pili, na la tatu.

"Saumu," akasema. "Yote ni Saumu. Hongera, Daktari."

Watu wakapiga makofi. Mdogo mtu hakupiga wala hakutabasamu. Alimsogelea dada yake, akamshika mkono.

"Nisamehe, dada, sijui nilikosea wapi," akamnong'oneza. "Vibao nilivibadilisha vyote Jumatatu usiku, kimoja kimoja, ili ushinde wewe."