Ngome ya Bwana Komeo

Bwana Komeo alipomwonyesha ofisa wa serikali mlango wa kumi na moja, Philemoni alijua nyumba ya mama yake imekwisha.

Shamba lilikuwa juu ya kijiji cha Maji ya Chai, kwa Wameru. Nyumba yenyewe aliijenga Mjerumani zamani, kuta nene za mawe na matundu ya bunduki kila upande. Mjerumani akafukuzwa, Mwingereza akanunua, naye akaona haitoshi. Akazungusha ukuta mrefu ukameza jiko, ghala la kahawa na banda la farasi. Akatia nondo madirishani na makomeo kila mlango, hata wa kuku, ndipo vibarua wakampa jina. Alimwogopa nani? Muulize mwenyewe. Wameru waliopita pale walikuwa na ndizi vichwani na shida zao nyingine.

Sasa alikitaka na kilima cha jirani, ajenge mnara wa ulinzi. Kilimani alikaa Ndeshi, mama yake Philemoni, na migomba yake na kaburi la mumewe. Ofisa amekuja kukagua kama ngome inastahili mnara huo, aamue. Na fundi aliyeujenga ukuta wote ule, jiwe kwa jiwe, ni Philemoni huyo huyo.

"Fundi, msingi wake ukoje?" ofisa aliuliza.

Philemoni angeweza kudanganya. Lakini fundi akiulizwa kazi yake, ulimi haumsubiri. "Futi nne, bwana. Hautikisiki."

Alitamani kujipiga kofi.

"Na hizi nondo?"

"Zimezama ndani ya jiwe, bwana."

"Hapa haingii mtu wala hatoki mtu mpaka nijue mimi," Bwana Komeo alidakia, kifua mbele.

Ofisa akahesabu vyumba vya farasi, akaandika. Akauliza kisima kinatosha watu wangapi.

"Mia moja, hata tukizingirwa mwaka mzima."

"Nimezunguka wilaya nzima," ofisa alisema, "sijaona jengo imara kama hili."

Bwana Komeo akavimba mpaka vifungo vya shati vikalalamika.

Jioni Philemoni hakugusa chakula. "Umewaambia nini huko?" mama yake alimuuliza.

"Nimesema kweli, mama."

"Kweli gani hiyo ya kunihamisha mimi?"

Mtu mzima yule, na ndevu zake, akalia mbele ya mama yake.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Bwana Komeo alikuwa na hakika mno hata hakuifungua. Aliwakusanya vibarua wote uani, akamkabidhi karani Ephraimu aisome kwa Kiswahili, wote wasikie vizuri, Philemoni akiwa mstari wa mbele.

Ephraimu akapasua bahasha. "Ombi la kilima limekataliwa." Akamtazama bwana wake, akaendelea kwa sababu hakuambiwa aache. "Serikali imeridhika kwamba nyumba, ghala, banda la farasi na ukuta vinafaa kabisa kuwa gereza la wilaya. Bwana atalipwa fidia kwa mujibu wa sheria, na ahame katika siku thelathini."

Bwana Komeo akamsogelea Philemoni, akamuuliza, kwa sauti ya chini ambayo hakuna kibarua aliyewahi kuisikia, kama kule kilimani kwa mama kungepatikana nafasi ya kuweka vyombo.