Pua ya Ukutani

Siku hizi kila nyumba ya Changamwe ina pua ukutani. Ikinusa mvuke wa petroli, hata wa tone moja, hulia mtaa mzima ukasikia, na wakaguzi hao wamefika. Bi Mishi, mjane, ameficha ndani ya debe lililozibwa kwa nta ovaroli ya marehemu mumewe Mbaruku, fundi wa malori ya mafuta, aliyekuwa akirudi kutoka kazini ananuka petroli mpaka wali ukanuka. Kila inapofika siku ya arusi yao huwaita mashoga, hulifungua debe, pua ikalia, nyumba nzima ikavunjika mbavu.

"Fungua basi, shoga!" Kibibi alimhimiza. "Mwaka jana mkaguzi yule mrefu alitumalizia sambusa. Mbaruku wako hata kaburini hazuiliki!"

Bi Mishi akafungua. Wanawake wakaziba masikio.

Kimya.

"Alhamdulillahi, leo tumesalimika!" Kibibi akapiga kigelegele.

Bi Mishi akazamisha uso ndani ya ovaroli, akavuta pumzi, akavuta tena. Kisha akapanda juu ya stuli, akaisogeza nguo ile hadi kwenye pua ya ukutani, akaibembeleza:

"Nusa vizuri, mwanangu. Nusa tena."