Sina wa Kumuuliza

Tangu basi limvunje nyonga, Bi Yustina aliishi kwa fedha za kampuni iliyomkimu kwa makubaliano kwamba ingelipwa fungu lake akishinda kesi. Asubuhi moja wakala wa kampuni hiyo, Kalinga, alimkuta mashakani: wenye basi walitaka wapatane nje ya mahakama.

"Nikubali, baba?" aliuliza.

"Sheria inatukataza kukushauri, mama. Uamuzi ni wako."

"Siulizi kampuni. Nakuuliza wewe. Tangu mume wangu afariki, sina wa kumuuliza."

Kalinga aliinamisha kichwa, akamalizia chai, akaaga.

Bi Yustina alijikokota hadi kwenye kiti alichokiacha mgeni, akakaa. Simu ya wakili wake ilipoita kutaka jibu, hakuipokea upesi. Kiti kilikuwa bado na joto.