Kichujio Kilichosuguliwa

Zilpa, fundi wa maji, alipotumbukiza mkono ndani ya kichujio, mchanga ulimkwaruza vidole. Jana ulikuwa unateleza kama kambare.

Akaunusa mkono. Ulinuka klorini.

"Nani ameosha hapa?"

"Ni sisi akina mama," alijibu mwenyekiti wa mradi wa maji, mikono bado imelowa. "Tulimwaga klorini yote, tukasugua mpaka ukoga ukaisha. Mheshimiwa aje kutuzindulia maji, achungulie hapa aone utelezi? Sisi watu wa Mundika hatupokei wageni hivyo."

"Mama, ule haukuwa uchafu. Vile vilikuwa vijidudu hai, ndivyo vilivyokuwa vikila uozo wa maji ya mtoni. Tumevilea tangu mvua za mwaka jana. Tukifungulia sasa, uozo utapita mpaka kwa mabomba, na wadudu wa kuhara watanonea humo humo. Na klorini ya kuwaua ndiyo hiyo mmemaliza."

Mwenyekiti alichota maji kwa glasi, akayainua juani. Hayakuwa na hata unyuzi wa uchafu.

"Uozo uko wapi, dada?"

Nje, nyimbo zilianza. Gari la mgeni lilikuwa limefika.

Zilpa alisimama mbele ya koki, akaishika kwa mikono miwili. Mwenyekiti alimbandua vidole polepole, kimoja kimoja, bila hasira, kisha akaizungusha mwenyewe. Bomba likanguruma kuelekea zahanati.

"Wacha yaanzie huko wodini," alisema, akijipangusa mikono kwa leso. "Binti yangu alijifungua juzi. Nataka anywe wa kwanza."