Lebo ya Sifuri

Mkuu wa idara ya maji alibonyeza amri ya kufuta vipimo vya maji ya kisima. Kwenye skrini pakatokea: vipimo, sifuri.

“Haya, Siwema, sumu ya kisimani iko wapi sasa?”

Siwema, fundi wa programu, alikuwa amemzika mpwa wake aliyekunywa maji hayo.

“Hujafuta kitu, bwana mkubwa!” alifoka. “Mashine hubandika lebo juu ya kila safu ya namba, kusema zimo ngapi. Umebadilisha lebo tu. Gunia umeliandika tupu, mahindi yote yamo! Yatakuwamo mpaka umeme ukatike.”

Akaifuta sifuri kwenye lebo, akarudisha idadi ya zamani. Vipimo vikaijaza skrini.

Mkono wa mkuu ulikimbilia swichi ya umeme ukutani. Ukakuta wa Siwema umeshaifunika.